Mahipi walipita, Lamu ikabaki

Ukivuka mto Rwizi kutoka katikati ya mji wa Mbarara unaingia Nyamitanga, mtaa unaojulikana kwa kanisa kuu la Wakatoliki lililo juu ya kilima. Mtu anayefanya biashara kati ya hapo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anaweza kukutana kwa siku moja na Mkongo anayeuza vitenge, Msomali mwenye duka la jumla, Mrundi mwenye cherehani na Mnyankole mwenye gari la ndizi. Bei zao hukutana kwenye Kiswahili. Na kila wageni wanapoongezeka, swali hurudi lile lile: hawa wanaujenga mji au wanauharibu?

Swali hilo lina umri mrefu kule pwani. Miaka 50 hivi iliyopita liliulizwa kwa sauti kubwa katika mji mdogo wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Wageni wa wakati huo hawakuwa wakimbizi wala wachuuzi. Walikuwa vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu, ndevu, shanga shingoni na mifuko ya mgongoni, watu walioitwa mahipi. Walifika wengi kiasi kwamba waandishi wa vitabu vya safari wakaupachika mji huo jina la "Kathmandu ya Afrika".

Leo mahipi hao ni wazee, na wengi wao walirudi kwao zamani. Lakini anayefika Lamu bado husikia watu wakisema kwamba mji ule una roho yake, kwamba haukubali kuendeshwa mbio wala kuamrishwa na mwenye fedha. Wageni wengi hudhani roho hiyo waliiacha mahipi. Historia ya mji inasema vingine.

Mji uliopitwa na reli

Ili kuelewa kwa nini mahipi waliichagua Lamu, ni vizuri kuanza na jambo ambalo mfanyabiashara yeyote atalielewa: bei ya chumba.

Karne mbili zilizopita Lamu ilikuwa bandari tajiri. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakaondoka na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko, pembe za ndovu, ngozi na nafaka. Utajiri huo ulijengwa pia kwa jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara, ng'ambo ya kisiwa. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yalikosa watu wa kuyalima.

Pigo la pili lilitoka upande wa Uganda, ingawa Waganda hawakuwa na habari nalo. Reli iliyoanzia Mombasa, ile iliyoitwa Reli ya Uganda, ilifika Kisumu mwaka 1901. Mizigo ya bara ikaifuata reli, meli kubwa zikaifuata mizigo, na Mombasa ikanenepa huku Lamu ikikonda. Kisha vikaja vita vya mashifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, ambavyo viliwafanya Wabajuni wengi wayakimbie makazi yao ya bara. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi, na mlango wa mwisho wa biashara ya kale ukafungwa.

Kwa hiyo kijana wa Kizungu aliyeshuka kwenye mashua mwishoni mwa miaka ya 1960 aliukuta mji wa mawe uliojengwa na matajiri, ukikaliwa na watu wenye kipato kidogo. Hakukuwa na magari, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na punda ndio waliobeba kila kitu. Nyumba kubwa zenye kuta nene na zidaka vya chokaa zilikuwa na vyumba vitupu. Kwa shilingi chache mtu alipata chumba, na kwa pungufu ya hapo alipata mkeka juu ya dari, chini ya nyota.

Wenye nywele ndefu

Mahipi walikuwa vijana waliochoshwa na mambo ya kwao. Walipinga vita vya Vietnam, walikataa kazi za ofisini na tai shingoni, na walitaka kuishi kwa pamoja, kwa muziki na kwa fedha kidogo. Mwaka 1967 maelfu kwa maelfu yao walifurika katika mtaa wa Haight-Ashbury mjini San Francisco, Marekani. Wengine waliingia barabarani kutoka Ulaya kuelekea Istanbul, Kabul hadi Kathmandu, Nepal, ambako bangi iliuzwa kwa leseni hadi serikali ilipozifuta mwaka 1973. Waliopenda Afrika walishuka kusini, na huko pwani walisikia habari za Lamu.

Safari yenyewe ilikuwa jaribio la subira. Kutoka Mombasa basi lilipita Malindi hadi Garsen, ukavuka mto Tana, ukaendelea kwenye barabara ya vumbi hadi Mokowe, kisha mashua. Mvua zikikolea, barabara ilikatika na mji ukabaki peke yake. Kwa mahipi hilo lilikuwa jambo jema.

Mji haukuwapokea kwa kauli moja. Lamu ni mji wa Waislamu, wenye misikiti zaidi ya 20 ndani ya eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Wazee waliona wanawake waliovaa nguo za kuogelea wakipita mbele ya msikiti, na wakasikia kwamba kule Shela, kwenye ufuko mrefu wa mchanga, kuna wanaooga uchi. Waliona vijana wao wakijifunza bangi na pombe. Watu walilalamika mabarazani, na mahubiri ya Ijumaa hayakulikwepa jambo hilo.

Malalamiko hayo hayakuwa ya Lamu peke yake. Miaka hiyo serikali nyingi za ukanda huu ziliiona mitindo ya vijana wa Magharibi kuwa uvamizi. Tanzania, kupitia Umoja wa Vijana wa TANU, ilianzisha Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zikapigwa vita barabarani. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Malawi, Rais Banda hakutaka mwanamume mwenye nywele ndefu aingie nchini kwake. Aliyeuza nguo mipakani wakati huo alijua kwamba bidhaa inayouzika upande mmoja ingeweza kumfikisha polisi upande wa pili.

Lamu haikuwa na amri ya namna hiyo iliyoubadili mji. Ilikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa kimejengwa kwa mawe.

Daka

Nyumba ya kale ya Lamu ina mpangilio wake. Anayekuja kutoka kichochoroni hufika kwanza kwenye daka, ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe pande mbili. Hapo mwenye nyumba huzungumza na mgeni, hunywa naye kahawa, hupatana naye bei. Akipita mlango mzito wa kuchonga, mgeni huingia tekani, ambako njia hupinda ili anayesimama mlangoni asione ndani. Kisha kuna kiwanda, yaani ua, na baada ya hapo vyumba vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa cha faragha kuliko kilichotangulia. Cha mwisho kabisa ni ndani, mahali pa mwenye nyumba na watu wake.

Nyumba nyingi za wafanyabiashara zilikuwa pia na sabule, chumba cha wageni chenye ngazi yake. Mfanyabiashara aliyekuja na jahazi alilazimika kusubiri upepo ugeuke, na hiyo ilikuwa miezi. Alilala sabule, akala chakula cha nyumba hiyo, akafanya biashara dakani, na akaondoka bila kuvuka mipaka ya ndani. Kumpokea mgeni na kumwekea mpaka yalikuwa mambo mawili ya adabu moja.

Mahipi waliingia katika utaratibu huo bila kujua. Vyumba vya juu na madari waliyopangishwa yalikuwa na kazi hiyo hiyo tangu zamani. Waliodhani wamegundua mji ambao haujali sheria walikuwa wamekaa dakani, kwa maana halisi na kwa maana ya mfano. Maisha ya mji, ndoa zake, madarasa yake, mashairi yake na ugomvi wake, yaliendelea ndani.

Hoteli nazo zilifuata mgawanyo huo. Ufukweni mwa mji kulikuwa na Petley's Inn, iliyoanzishwa na Mwingereza Percy Petley, mojawapo ya sehemu chache ambapo mgeni aliweza kununua bia. Shela, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967. Aliyetaka kinywaji na jua alijua pa kwenda. Ngome kubwa katikati ya mji, iliyomalizika kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1820, wakati huo ilikuwa bado gereza, na ilibaki hivyo hadi mwaka 1984. Waliozidisha utundu walijua pia kwamba ipo.

Biashara iliyoanza kwa senti

Mtu mwenye mfuko wa mgongoni hana fedha nyingi, lakini hukaa muda mrefu. Hilo ndilo wenye hoteli kubwa za Malindi na Mombasa hawakuliona mapema. Mtalii wa kifurushi huilipa kampuni kwao Ulaya na kutumia kidogo anapofika. Hipi alikaa miezi miwili, akinunua mkate wa mofa asubuhi, samaki mchana, maji ya embe jioni, kikoi cha kujifunga na sabuni ya kukifulia. Kila senti iliingia mkononi mwa mtu wa mji.

Kutokana na hao, wenye nyumba walijifunza kupangisha vyumba. Mabaharia walijifunza kwamba jahazi linaweza kubeba watu wanaotaka tu kuzunguka, kwenda kuona magofu ya Takwa kisiwani Manda au kijiji cha Matondoni ambako vyombo hujengwa. Mafundi wa kuchonga milango, waliokuwa wamebaki wachache, walipata wateja wapya wa masanduku na viti. Vijana walijifunza Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano bila kuingia darasani.

Yalikuwepo pia maumivu, na si haki kuyaficha. Baadhi ya vijana hao hao waliishia kwenye dawa za kulevya, tatizo ambalo familia za Lamu zinapambana nalo hadi leo. Wengine waliiacha shule kwa kutegemea rafiki wa Kizungu ambaye hakurudi tena. Hesabu ya mahipi ina safu mbili, kama daftari lolote la duka.

Mgeni aliyetangulia

Iwapo kuna mtu aliyeipindua Lamu kweli, alifika kabla ya mahipi kwa karibu miaka 90, naye alitoka Visiwa vya Ngazija. Aliitwa Swaleh bin Alawi Jamalulail, na mji ulikuja kumwita Habib Swaleh.

Lamu ya wakati wake ilikuwa imegawanyika. Upande wa kaskazini, Mkomani, waliishi wangwana, wenye nyumba za mawe na majina ya kale. Upande wa kusini, Langoni, waliishi waliokuja baadaye: Wangazija, Wahadhrami maskini, Wabajuni na watu waliotoka utumwani. Elimu ya dini ilikuwa mali ya familia chache. Mtoto wa mtumwa hakufikiriwa kuwa mwanafunzi wa maana.

Habib Swaleh, ambaye ukoo wake ulikuwa wa masharifu na angeweza kuketi na wakubwa, alikwenda kwa wadogo. Aliwafundisha watoto wa watumwa na wa wageni. Aliwaruhusu waje na ngoma zao, na maulidi yake yakasomwa kwa matari na nai, jambo lililowaudhi wanavyuoni wa upande wa pili. Karibu na mwisho wa karne ya 19 alijenga msikiti wa Riyadha pembezoni mwa mji, upande wa kusini, kwenye ardhi ambayo wakati huo ilikuwa mchanga na miti.

Alipofariki mwaka 1935, pembezoni palikuwa pamekuwa katikati. Wanafunzi wa Riyadha walikuwa wametawanyika pwani nzima. Hadi leo kila mfungo sita mji hujaa watu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki wanaokuja kwa Maulidi, na vyumba hujaa kuliko msimu wowote wa watalii wa Kizungu. Mwenye nyumba ya kulala wageni anajua vizuri kwamba mteja wake wa hakika zaidi ni Mswahili mwenzake anayekuja na familia, msala na kikapu.

Mtaa wa wageni uliodharauliwa ndio uliolibeba jina la mji. Hiyo ndiyo roho ya kukataa kuambiwa nani mkubwa na nani mdogo, na ilikuwepo Lamu kabla ya kijana yeyote wa San Francisco kuziachia nywele zake zikue.

Pepo inapopanda bei

Mitaa ya mahipi duniani imekutana na mwisho unaofanana. Haight-Ashbury leo huuza fulana za kumbukumbu, na kodi ya nyumba zake iko mbali na uwezo wa kijana asiye na kazi. Christiania, kitongoji cha Copenhagen nchini Denmark ambacho vijana walikivamia mwaka 1971 na kukitangaza kuwa huru, kilifika mahali ambapo mwaka 2024 wakazi wenyewe waling'oa mawe ya barabara iliyokuwa soko la bangi, kwa sababu magenge yenye silaha yalikuwa yameiteka biashara hiyo.

Lamu nayo haikusalimika. Mwaka 2001 mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama makazi ya Waswahili ya kale zaidi na yaliyohifadhiwa vizuri zaidi Afrika Mashariki. Sifa ilileta fedha. Wazungu matajiri, hata watu wa koo za kifalme za Ulaya, walianza kununua nyumba za mawe, hasa Shela. Nyumba ambayo hipi alilala juu ya dari yake kwa shilingi chache iligeuka kuwa mali ya watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Mwenyeji aliyeuza alipata fedha za mara moja na akahamia kwenye vitongoji vipya nyuma ya mji, mbali na bahari.

Hapo ndipo tofauti ya kupangisha na kuuza inapoonekana. Aliyepangisha sabule alibaki mwenye nyumba. Aliyeuza nyumba aliuza na daka lake.

Kisha hofu ikaingia. Mwaka 2011 watu wenye silaha waliwateka watalii katika visiwa vya Lamu. Juni 2014, watu wapatao 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji jirani, upande wa bara. Serikali ikaweka amri ya kutotoka usiku, balozi zikawaonya raia wake, na vyumba vikawa vitupu kwa miaka. Wengi waliokuwa wakitegemea wageni walirudi kwenye nyavu.

Wavuvi mbele ya hakimu

Walirudi baharini wakati ambapo bahari yenyewe ilikuwa ikigombewa. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua mradi wa LAPSSET: bandari mpya ya Lamu huko Kililana, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la kuiunganisha na bara. Katika mipango ya awali mafuta ya Hoima, Uganda, yalikuwa yapite huko pia, hadi mwaka 2016 Uganda ilipoichagua njia ya Tanga, Tanzania. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021.

Wavuvi wa Lamu hawakuikataa bandari. Walichokataa ni kuchimbiwa bahari bila kuulizwa. Uchimbaji wa mkondo wa meli ulivuruga mikoko, matumbawe na mazalia ya samaki, nao wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, zikiwemo haki ya kupewa habari, haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Kupata hukumu ni jambo moja na kupokea fedha ni jingine. Malipo yalizungushwa kwa miaka. Lakini hukumu iliandikwa.

Wakati huo huo kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050. Muungano wa wakazi uitwao Save Lamu ulikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mradi, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa na kasoro. Mji usio na barabara ya magari ulikuwa umesimamisha mradi wa mabilioni.

Walioshinda hawakuwa mahipi. Walikuwa wavuvi, walimu, akina mama wanaouza samaki na vijana wa madrasa. Wengi wao ni wajukuu wa watu ambao wakati mmoja waliambiwa hawafai hata kusoma.

Jahazi la malapa

Roho hiyo haikubaki mahakamani. Mwaka 2018 fundi wa majahazi wa Lamu, Ali Skanda, na wenzake walizindua jahazi la kwanza duniani la aina yake, Flipflopi, lililojengwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa fukweni na barabarani. Lilimeza takriban tani 10 za plastiki, na ubavu wake ulipambwa kwa malapa 30,000 ya rangi zote. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka 2021 lilipandishwa bara na kuzunguka Ziwa Victoria, likitia nanga Kenya, Uganda na Tanzania, likidai nchi za Afrika Mashariki ziwe na sheria moja kuhusu plastiki za kutumika mara moja.

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hoja hiyo hata kama hakuliona jahazi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Uganda imelijadili jambo hilo mara nyingi huku mifuko ikiendelea kuuzwa. Mzigo ule ule uliofungwa vizuri Mbarara unaweza kumletea mwenye mali faini baada ya kuvuka Katuna au Mutukula. Jahazi la malapa lilikuwa likisema kwa rangi kile ambacho wachuuzi hukisema kila siku wakiwa wamepanga foleni forodhani.

Kutoka daka hadi Nyamitanga

Lamu ya leo ina lami kutoka Garsen hadi Mokowe. Pikipiki zimefika ufukweni, na wazee wanabishana kuhusu mahali pa kuziwekea mpaka, kama babu zao walivyobishana kuhusu mahipi. Wageni wamerudi taratibu, wakiwemo wanaokuja kwa yoga, ambao ni kama wajukuu wa mahipi, ila wana kadi za benki. Punda bado wana haki ya kwanza ya kupita.

Na huku upande wa magharibi, Nakivale inaendelea kujaa. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, katika nchi ambayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufungua biashara. Waliofika mikono mitupu sasa wana maduka ambayo wafanyabiashara wa Mbarara huyategemea. Kama Langoni ya zamani, ni mtaa wa waliokuja baadaye, na kuna wanaoudharau.

Lamu haijawahi kupata jibu moja la swali la wageni. Iliwapokea mahipi ikawekewa jina, ikapata biashara na ikapata majeraha. Iliuza baadhi ya nyumba zake na inajuta baadhi ya mauzo hayo. Iliipokea bandari na ikaudai ukweli wake mahakamani. Lakini wakati wote huo ilijua nyumba ina milango mingapi, na mgeni wa namna gani anafika mlango upi. Mwenye chumba cha kupangisha Nyamitanga, au kibanda cha kukodisha Nakivale, anaweza kuanzia hapo hapo: kumkaribisha mgeni, kupatana naye bei dakani, na kubaki mwenye nyumba.